Vitabu Vilivyofungwa na Mikataba

Yapo malalamiko ambayo kwa mtu mwenye haraka huonekana madogo, lakini akiyafuata mpaka shinani huona kwamba yanagusa jambo kubwa. Mojawapo ni haya ya wasomaji wa riwaya za zamani za kubuni za kisayansi, khasa zile zilizotungwa kufuata filamu au michezo ya televisheni. Msomaji hukitafuta kitabu alichokipenda ujanani, ili akisome katika simu au kompyuta yake, akakuta kwamba hakiuzwi kwa njia ya elektroniki. Filamu iliyokizaa kitabu hicho inapatikana kila pahala. Fulana zenye picha za mashujaa wake zinauzwa. Hata vitabu vipya vya mfululizo uleule vinaendelea kutoka. Kitabu cha zamani peke yake hakipo, ila nakala chakavu inayouzwa na wafanyabiashara wa vitabu vikuukuu katika nchi za mbali, pengine kwa bei ya kuumiza.

Majibu mepesi hayakosekani. Wako wanaosema wachapishaji ni wavivu. Wako wanaosema vitabu vile havikuwa na thamani tangu mwanzo, na kwamba dunia haikupoteza kitu. Wako wanaodhani ni taabu ya mitambo tu. Majibu yote hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayafiki kwenye kiini. Kiini ni mikataba: nani aliahidiwa nini, kwa maneno gani, kwa muda gani, na karatasi ile iliyotiwa saini iko wapi.

Gazeti hili linaona kwamba jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu. Hatufanyi hivyo kwa mapenzi ya hadithi za vyombo vya angani. Tunafanya hivyo kwa sababu visiwa vyetu vina watunzi, vina redio na televisheni, na vina ofisi zinazotia saini mikataba kila siku. Makosa yaliyofanywa London na New York katika miaka ya 1970 yanaweza kabisa kufanywa Unguja na Pemba leo.

MKARAFUU WA KUKODI

Kwanza yatupasa tufahamu kitabu cha aina hii ni mali ya nani. Riwaya ya kawaida ina mwenyewe mmoja, naye ni mtunzi, ambaye humpa mchapishaji ruhusa ya kuipiga chapa. Riwaya iliyofuata filamu sivyo ilivyo. Wahusika wake, majina yao, vyombo vyao na ulimwengu wao wote ni mali ya kampuni ya filamu au shirika la utangazaji. Mchapishaji hupewa leseni ya kuvitumia kwa muda maalumu na kwa malipo maalumu. Mtunzi naye hutafutwa na mchapishaji, akapewa mswada wa filamu na muda mfupi wa kuigeuza kuwa kitabu.

Mwananchi wa visiwa hivi hana haja ya kwenda chuo cha sheria ili aelewe hayo. Sisi tunajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na msimu ukifika akaja mtu wa tatu akaikodi mikarafuu ile ili achume. Aliyekodi ana haki ya karafuu alizozichuma na kuzianika. Msimu ukisha, hana ruhusa ya kupanda mti tena, hata akiona tawi limeinama kwa uzito wa mavuno. Mchapishaji wa riwaya za filamu ndiye huyo mkodi wa mikarafuu. Nakala alizozipiga chapa katika msimu wake aliziuza. Leseni ilipokwisha, hakuwa na ruhusa ya kutoa hata nakala moja zaidi. Na kitabu cha elektroniki ni mavuno ya msimu ambao, siku ya kukodi, hapana aliyejua kwamba utakuja.

MANENO YA MKATABA

Mikataba mingi ya vitabu vilivyotolewa kabla ya miaka ya 1990 haikutaja kabisa njia ya elektroniki. Ilitaja jalada gumu, jalada jepesi, tafsiri, na kuchapishwa kwa mafungu magazetini. Swali lililozuka baadaye ni hili: haki isiyotajwa katika mkataba ni ya nani?

Swali hilo lilifika mahakamani mjini New York katika mwaka 2001. Kampuni kubwa ya Random House iliishitaki kampuni changa iliyoitwa Rosetta Books, ambayo ilikuwa imeafikiana moja kwa moja na watunzi William Styron, Kurt Vonnegut na Robert B. Parker ili itoe riwaya zao kwa njia ya elektroniki. Random House ilidai kwamba mikataba yake ya zamani, iliyoipa haki ya kuchapisha na kuuza kazi hizo kwa umbo la kitabu, ilitosha. Hakimu Sidney Stein alikataa kuizuia Rosetta. Alisema kwamba maneno hayo, kwa maana yake ya kawaida, hayakukusudiwa kuhusu elektroniki. Mahakama ya rufaa iliuacha uamuzi huo usimame katika mwaka 2002, na pande mbili zikapatana kabla ya mwaka huo kwisha.

Katika mwaka 2014, mahakama ya mji huohuo iliamua kinyume katika kesi nyingine. Kampuni ya HarperCollins iliishitaki kampuni ya Open Road kwa ajili ya riwaya ya vijana ya Jean Craighead George, Julie of the Wolves, iliyotoka mwaka 1972. Mkataba wa kitabu hicho, ingawa ulikuwa wa miaka mingi nyuma, ulikuwa na kifungu kilichotaja matumizi ya kompyuta na njia za elektroniki, zilizokuwa zikijulikana na zitakazobuniwa baadaye. Kwa sababu ya maneno hayo machache, mchapishaji alishinda.

Msomaji na apime mwenyewe. Vitabu viwili vya zama moja, sheria ya nchi moja, mahakama ya mji mmoja. Lakini hukumu zikatofautiana kwa sababu ya mstari mmoja wa maneno. Basi mchapishaji mwenye mamia ya majina ya zamani katika ghala lake hana budi kuufungua kila mkataba na kuusoma neno kwa neno kabla ya kuthubutu kutoa kitabu. Kazi hiyo hufanywa na mwanasheria, na mwanasheria hulipwa. Kwa kitabu ambacho pengine kitauza nakala mia chache, hesabu haikubali, na jalada la mkataba hurudishwa kabatini.

WENYE MALI WENGI

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mchezo wa televisheni wa Uingereza, Doctor Who, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1963. Kuanzia mwaka 1973 vitabu vya Target vilivyofuata mchezo huo vilienea nchini humo, na mwisho vilizidi 150. Mtunzi mmoja tu, Terrance Dicks, aliandika zaidi ya 60 miongoni mwao. Kwa watoto wengi wa wakati huo, kabla ya kuwapo njia ya kuhifadhi vipindi nyumbani, kitabu ndicho kilichokuwa kumbukumbu ya pekee ya mchezo walioutazama mara moja ukapita.

Lakini BBC haikuwa na haki ya kila kitu. Watunzi wa michezo, wengi wao wakiwa si waajiriwa wa shirika, walibaki na haki katika hadithi zao na viumbe walivyovibuni. Viumbe mashuhuri kuliko vyote, Dalek, vilitokana na mtunzi Terry Nation, na mpaka leo warithi wake wana sauti katika matumizi yake. Kwa hiyo kitabu kimoja chembamba chaweza kuhitaji ridhaa ya shirika la utangazaji, ya aliyetunga mchezo, ya aliyebuni kiumbe kilichomo, na ya aliyegeuza mchezo kuwa riwaya. Akikosekana mmoja wao, au akidai malipo ambayo wengine hawayawezi, safari imevunjika.

Si jambo la kubuni. Target ilitoa takriban hadithi zote za mchezo ule wa zamani, isipokuwa tano. Tatu zilikuwa za Douglas Adams, ambaye malipo ya kawaida ya Target hayakumfaa na hakupenda mtu mwingine aziandike. Mbili zilikuwa za Eric Saward, zenye Dalek ndani yake, ambazo masharti yake hayakuafikiwa. Shada ya Adams ilitoka kwa kalamu ya mwingine mwaka 2012, City of Death mwaka 2015, The Pirate Planet mwaka 2017, na zile mbili za Saward mwaka 2019. Hadithi zilizoandikwa kwa ajili ya televisheni katika miaka ya 1970 na 1980 zilisubiri zaidi ya miaka thelathini kuwa vitabu. Kilichozichelewesha si mashine.

LESENI IKIHAMA

Kisha kuna suala la leseni kuhama. Mchezo wa Doctor Who ulipokoma katika televisheni mwaka 1989, kampuni ya Virgin ilipewa ruhusa ya kutoa riwaya mpya kabisa. Kati ya mwaka 1991 na 1997 ilitoa 61 katika mfululizo wake wa New Adventures, na nyingine 33 katika mfululizo wa pili. Baada ya filamu ya mwaka 1996, BBC iliichukua leseni yake na kuanza kutoa vitabu yenyewe. Virgin haikuweza tena kuvichapisha vile vya kwanza kwa jina la Doctor Who. BBC nayo haikuwa mwenye maandishi yale, kwa kuwa maandishi yalikuwa ya watunzi, na wahusika wapya waliomo, kama Bernice Summerfield aliyebuniwa na Paul Cornell, nao walikuwa na wenyewe.

Kwa muda, BBC iliziweka baadhi ya riwaya hizo katika mtandao wake zisomwe bure, baadaye zikaondolewa. Riwaya ya Cornell, Human Nature, iliyotoka mwaka 1995 na kugeuzwa mchezo wa televisheni mwaka 2007, ilibahatika kutolewa upya. Wenzake wengi katika mfululizo ule hawajabahatika. Waswahili husema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawakupigana hata kidogo. Kila mmoja alikwenda zake malishoni, na nyasi zikakauka kwa kukosa wa kuzimwagilia.

Nchini Marekani mambo yalikuwa ya namna hiyohiyo. Vitabu vya kwanza vya Star Trek vilitolewa na Bantam kuanzia mwaka 1967, vikiwa vimeandikwa na James Blish. Ballantine ilitoa vile vilivyofuata katuni za mchezo huo, kwa kalamu ya Alan Dean Foster, kati ya mwaka 1974 na 1978. Kuanzia filamu ya mwaka 1979 leseni ya vitabu vipya ikaenda kwa Pocket Books. Vitabu vya zamani havikuhama pamoja na leseni. Vilibaki katika nyumba walimozaliwa, na kila nyumba ikawa na karatasi zake, mahesabu yake na kumbukumbu zake.

Haki yataka tuseme pia kwamba hali si hivyo kwa vitabu vyote. Riwaya nyingi za Star Wars, hata zile ambazo tangu mwaka 2014 wenye mali wamezitenga na hadithi rasmi, zinauzwa kwa njia ya elektroniki. Sababu si ngumu kuiona. Bantam iliyozitoa katika miaka ya 1990, na Del Rey iliyoichukua leseni mwaka 1999, zilikuwa zimekwisha kuwa chini ya paa moja baada ya kampuni mama ya Bantam kuinunua Random House mwaka 1998. Mwenye mali ya filamu alikuwa mmoja, na mchapishaji alikuwa mmoja. Karatasi zikiwa katika kabati moja, kazi hufanyika.

HAKI BILA DENI

Mtu ataweza kuuliza: mtunzi mwenyewe amekuwa wapi? Jibu ni kwamba aghalabu mtunzi hana la kusema. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa mtunzi nafasi ya kuzirudisha haki zake baada ya miaka 35, ikiwa alizitoa tangu mwaka 1978. Lakini nafasi hiyo haimhusu aliyeandika kazi ya kuagizwa, ambayo sheria humhesabu aliyeagiza kuwa ndiye mtunzi. Riwaya nyingi za filamu ziliandikwa kwa masharti hayo. Aliyefungwa na mkataba wa namna hiyo hungojea milele.

Tena hata mwenye mkataba mzuri haki yake yaweza kutetereka. Alan Dean Foster ndiye aliyeandika riwaya ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe, ikiwa na jina la George Lucas juu ya jalada. Aliandika pia riwaya za filamu za Alien. Kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 na 20th Century Fox mwaka 2019. Mwezi wa Novemba 2020, chama cha watunzi wa riwaya za kisayansi cha Marekani kilitangaza hadharani kwamba Foster halipwi mrabaha wake, na kwamba hoja aliyopewa ni kuwa kampuni imenunua haki za vitabu lakini haikununua deni la kumlipa mtunzi. Baada ya kelele nyingi, shauri lake lilimalizwa kwa maafikiano katika mwaka 2021.

Hatuna haja ya kuwa mawakili wa upande wowote katika shauri lililokwisha. Lakini lile swali lililoulizwa ni zito, na kila mtunzi yampasa alifikiri: ikiwa nyumba iliyotia saini na wewe itauzwa, je, ahadi yake itauzwa pamoja nayo? Katika hali ambayo haki zimeuzwa mara mbili au tatu, na mahesabu ya mrabaha hayakufuata, mchapishaji mwenye tahadhari huogopa kukitoa kitabu cha zamani kwa njia mpya, asije akaamsha deni lililolala.

Yamebaki mambo ya kazi yenyewe. Kitabu cha mwaka 1975 hakina faili la kompyuta. Hapana budi kuchukua nakala iliyo nzima, kuipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kuiacha mashine iyasome maandishi, kisha kumkalisha mtu asahihishe makosa ambayo mashine imeyafanya, kwani mashine husoma herufi wala haisomi maana. Picha ya jalada nayo yaweza kuwa na mchoraji wake na sura ya mchezaji wa filamu mwenye haki zake. Gharama hizo si kubwa kwa kitabu chenye wanunuzi. Kwa kitabu chenye mashaka ya mikataba ndizo zinazoizamisha jahazi iliyokwisha kuvuja.

JE, INATUHUSU?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri na hadithi zao za nyota. Watasema pia kwamba mtunzi alilipwa, mchapishaji alifaidi, na mwenye mali ana haki ya kuifungia mali yake akipenda. Hoja hiyo tunaiheshimu. Mali ni mali. Lakini kwa habari ya vitabu tulivyovitaja, mara nyingi hapana mtu aliyekaa akaamua kukifungia kitabu. Kitabu kimefungika chenyewe kwa sababu funguo zimegawanywa kwa watu watano ambao hawajuani, na mmoja wao amekufa, na mwingine hajui kwamba ufunguo anao. Hiyo si haki inayotumiwa na mwenyewe. Ni mali iliyopotea huku wenyewe wako hai.

Na kwetu sisi hasara ya namna hiyo ni kubwa zaidi. Msomaji wa London aliyekosa kitabu cha elektroniki ana maduka na maktaba. Msomaji wa Micheweni au Makunduchi, ambaye kitabu humfikia kwa meli na kisha kwa gari, na pengine kisimfikie kabisa, ndiye anayepata faida kubwa kuliko wote kwa kitabu kinachosafiri bila ya chombo. Simu aliyonayo mkononi yaweza kuwa maktaba. Haiwezi kuwa maktaba ikiwa vitabu vimezuiwa na karatasi.

Tumtazame mtunzi wetu mashuhuri, marehemu Muhammed Said Abdulla. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na ukatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, aliendelea katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na vingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Vitabu hivyo havikutoka kwa mchapishaji mmoja. East African Literature Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. East African Publishing House ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965 na kutoa kazi nyingi za Kiswahili, nayo haipo tena. Basi shujaa mmoja, mtunzi mmoja, na nyumba mbalimbali, baadhi yake zimekufa. Anayefahamu kisa cha Bantam na Virgin ataifahamu hatari hii bila ya kuelezwa.

Marehemu Abdulla alifariki mwaka 1991. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, hakimiliki hudumu kwa uchache miaka 50 baada ya kufa kwa mtunzi. Maana yake ni kwamba kazi zake zinalindwa angalau mpaka mwisho wa mwaka 2041. Ulinzi huo ni haki ya warithi, na hatuupingi. Lakini ulinzi usiokuwa na daftari haumfaidishi mrithi wala msomaji. Wahenga walisema mali bila ya daftari huisha bila ya habari.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kulalamika bila ya kupendekeza si kazi ya gazeti. Tunayaweka mbele ya wahusika mambo matano.

La kwanza ni la mikataba. Kila mkataba wa kitabu, mchezo wa redio au mchezo wa televisheni unaotiwa saini katika visiwa hivi utaje njia zote za kutolea kazi, na kwa zile zisizotajwa, useme wazi kwamba zinabaki kwa mtunzi. Usiandikwe kwa lugha ambayo mtunzi haielewi. Kiswahili kina maneno ya kutosha kusema nani mwenye mali, nani mkodi, na msimu unakwisha lini.

La pili ni la muda. Leseni isiyokuwa na mwisho haifai, na leseni yenye mwisho bila ya maelezo ya yatakayofuata haifai vilevile. Mkataba useme kwamba kitabu kikikaa miaka kadhaa bila ya kuuzwa, haki zirudi kwa mtunzi au warithi wake bila ya kesi. Useme pia kwamba mchapishaji akiuzwa au akifungwa, deni la mrabaha litamfuata atakayezichukua haki.

La tatu ni la daftari. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ina ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA. Tunaiomba Serikali iiwezeshe ofisi hiyo kuwa na orodha ya kazi za fasihi za visiwa hivi: jina la kitabu, mtunzi, mchapishaji wa kwanza, mwenye haki wa sasa, na anwani ya warithi. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji karani mwaminifu, na inahitaji ianze sasa, maadamu wapo wazee wanaokumbuka nani alitia saini na nani.

La nne ni la kuhifadhi. Redio na televisheni zetu, pamoja na taasisi za lugha, zimekusanya michezo na hadithi kwa miongo mingi. Wananchi wa Unguja waliiona televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Mchezo uliopendwa unaweza siku moja kugeuzwa riwaya, na riwaya kugeuzwa filamu. Taasisi hizo zihifadhi miswada pamoja na mikataba yake, katika jalada moja. Mswada bila ya mkataba ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo, lakini kila mlango atakaobisha ataulizwa yeye ni nani.

La tano ni la sheria kwa vitabu ambavyo wenyewe hawaonekani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wa kazi zisizo na wenyewe mwaka 2012, na mwingine mwaka 2019 unaogusa vitabu visivyouzwa tena. Uingereza tangu mwaka 2014 ina utaratibu ambao mtu, baada ya kumtafuta mwenye haki kwa bidii bila ya kumpata, hupewa leseni na ofisi ya serikali, na ada anayoilipa huwekwa kwa ajili ya mwenyewe akitokea. Lakini tujifunze pia kwa waliokosea. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2012 ya kuvirudisha sokoni vitabu vilivyokoma kuuzwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ikaikosoa, kwa sababu haikuhakikisha kwamba kila mtunzi anapata habari kabla kitabu chake hakijaguswa. Somo ni kwamba msomaji asifaidishwe kwa kumruka mtunzi.

Hapana hata moja katika hayo matano linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji uangalifu wa mapema, na uangalifu wa mapema ni rahisi kuliko kesi za baadaye. Walioandika mikataba ya miaka ya 1960 na 1970 hawakuwa wajinga. Hawakuweza kujua kwamba siku moja kitabu kitasomwa katika kioo cha simu. Sisi hatuna udhuru huo. Tumekwisha kuona namna neno moja lililosahauliwa linavyoweza kukinyima kizazi kizima kitabu ambacho hapana mtu aliyekusudia kukizuia.

Hata sisi hatujui miaka hamsini ijayo kitabu kitasomwa kwa chombo gani. Twajua tu kwamba atakuwapo mtoto wa kisiwa hiki atakayetaka kusoma yaliyoandikwa leo, na kwamba atakachokikuta kitategemea yale yanayotiwa saini wiki hii katika ofisi zetu. Wenye kalamu za kutia saini wausome mkataba mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuinamisha kalamu. Na mtunzi naye, akipewa karatasi asiyoielewa, asione haya kuuliza.